Gitaa kuukuu la besi: Mnunuzi asihadaiwe na rangi, achunguze shingo na nyaya

MSIMU wa bonasi ya majanichai unapowadia, kwa kawaida mwezi wa Oktoba, fedha huzunguka kwa kasi katika kaunti za Kericho na Bomet. Wakulima wadogo wanaopeleka majani katika viwanda vinavyosimamiwa na shirika la KTDA, kama vile Litein, Kapset, Mogogosiek na Kapkoros, hulipa karo, huezeka nyumba na kununua ng'ombe wa maziwa. Wapo pia vijana wa bendi na viongozi wa kwaya za makanisa ambao huzingojea siku hizo hizo ili wachange pesa za kununua ala. Kwa kuwa gitaa jipya la besi ni ghali, wengi wao huishia kununua lililokwisha kutumika.

Magitaa yanayowavutia zaidi ni yale yenye sura ya zamani: rangi ya machweo inayotoka manjano katikati hadi nyeusi pembeni, shingo iliyogeuka rangi ya asali na kibao cheupe kilichofifia kama pembe ya ndovu. Hapo ndipo mtego ulipo. Sura hiyo haimwambii mnunuzi lolote kuhusu hali ya ala yenyewe, na gitaa linalometa kwa uzee wake laweza kuwa na shingo iliyopinda kiasi kwamba hakuna fundi atakayeinyoosha. Kikundi kilichochanga bonasi ya familia tatu au nne kikinunua gitaa la namna hiyo, pesa hizo hazirudi.

Eneo hili si geni kwa gitaa. Mnamo 1950 Hugh Tracey, mtafiti Mwingereza aliyezunguka Afrika akinasa nyimbo za kienyeji, alifika Kapkatet, katika iliyokuwa Wilaya ya Kericho, akarekodi wasichana wa Kipsigis wakiongozwa na Chemutoi Ketienya. Wimbo wao ulimhusu kiumbe aitwaye Chemirocha, nusu mtu na nusu paa. Jina hilo lilikuwa matamshi ya wenyeji ya Jimmie Rodgers, mwimbaji na mpiga gitaa wa Marekani aliyefariki mwaka wa 1933, ambaye santuri zake zilikuwa zimesikika huko kupitia gramafoni. Mwaka wa 2015 nakala za kanda hizo zilirejeshwa kwa jamii iliyozirekodi.

Baadaye mji wa Kericho wenyewe ukawa kituo cha muziki. Kampuni ya Chandarana ilirekodi na kuuza humo santuri za bendi za Kikalenjin, Kijaluo, Kiluhya na Kikisii, na Kipchamba arap Tapotuk pamoja na bendi yake ya Koilong'et akawa jina la kutajwa katika kila boma lenye redio. Katika mtindo wa benga, uliotoka upande wa Ziwa Victoria na kuenea hadi milima ya chai, besi haijifichi nyuma ya ngoma. Husemezana na gitaa la solo, hudakia pale mwimbaji anapopumua, na wachezaji huifuata kwa miguu. Bendi isiyo na besi nzuri husikika kama nyumba isiyo na nguzo ya kati, hata kinanda cha umeme kijaribu vipi kuiga sauti hiyo.

Besi ya umeme kama ijulikanavyo leo ilitolewa mwaka wa 1951 na Leo Fender wa California. Kabla yake wanamuziki wengi walitumia zeze kubwa la kusimama, zito kubeba na gumu kusikika mbele ya ngoma na tarumbeta. Fender alilaza ala hiyo kifuani mwa mpigaji, akaipa nyuzi nne, uzi wenye urefu wa inchi 34, yaani takriban sentimita 86, na freti, vile vijiti vya chuma vinavyokingama juu ya shingo. Freti zilimwezesha mpigaji kupata sauti kamili bila kubahatisha, na ndiyo sababu gitaa hilo liliitwa Precision. Mwaka wa 1957 lilipata pikapu iliyogawanywa vipande viwili, nayo Jazz Bass yenye shingo nyembamba zaidi ikafuata mwaka wa 1960. Karibu kila besi yenye sura ya zamani inayouzwa leo imeiga mojawapo ya maumbo hayo mawili.

Ni muhimu kutofautisha aina za magitaa haya, kwa sababu wauzaji huzichanganya, wengine kwa kutojua na wengine kwa makusudi. Kuna yale ya kale kwelikweli, yaliyoundwa katika miaka ya 1950, 1960 na 1970. Hayo hununuliwa na wakusanyaji kwa maelfu ya dola, na kukutana na moja likiuzwa kwa bei ya ng'ombe mmoja si jambo la kutarajia. Kuna yale yaliyoanza kutolewa na Fender mwaka wa 1982 kwa kufuata michoro ya zamani. Kisha kuna ya bei nafuu, kama yale ya Squier Classic Vibe yaliyoingia sokoni mwaka wa 2008, ambayo shingo zake hupakwa rangi kiwandani ili zionekane zimekaa miaka mingi. Na tangu mwaka wa 1995 Fender imekuwa ikiuza hata magitaa mapya yaliyokwaruzwa na kubanduliwa rangi kwa makusudi, ili yafanane na yaliyotumika kwa miongo mingi.

Kwa hivyo tarakimu "62" katika jina la gitaa mara nyingi hueleza muundo ulioigwa, wala si mwaka wa kuundwa. Atakaye ukweli na atazame nambari ya usajili iliyo kichwani au kwenye bamba la nyuma, kisha, mwenye gitaa akikubali, afungue skrubu nne zinazoishika shingo na kutazama ncha yake iliyofichika ndani ya kiwiliwili. Katika magitaa mengi ya Fender, tarehe huandikwa au hupigwa muhuri hapo. Nchi lilikoundwa pia huandikwa kwa kawaida. Gitaa lililoundwa Uchina au Indonesia laweza kuwa zuri sana kwa kazi ya bendi, lakini haliwezi kuwa la mwaka wa 1962.

Swali kubwa kwa mpigaji, hata hivyo, si umri. Ni hali, na katika nyanda za chai hali ya gitaa huamuliwa kwanza na unyevu.

Mji wa Kericho uko takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mvua hunyesha karibu mwaka mzima, ikipungua Januari na Februari kisha kuzidi kuanzia Machi na Aprili, na eneo hili ni miongoni mwa yale yanayopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani. Mchana bati hupata joto la jua, usiku baridi huingia hadi kwenye mifupa. Mbao hazipendi mabadiliko ya namna hiyo. Mtu aliyefanya kazi katika kiwanda cha chai atalielewa jambo hili upesi kuliko mwanamuziki wa mjini: jani hufika likiwa na zaidi ya robo tatu ya uzito wake kuwa maji, hunyaushwa, na chai iliyokamilika ikiachwa wazi hunyonya tena unyevu kutoka hewani hadi ikapoteza ubora. Mbao ya gitaa ilikaushwa kwenye tanuri kabla ya kuchongwa, nayo hunyonya na kutoa unyevu vivyo hivyo, ila polepole.

Shingo ndiyo huumia zaidi kwa sababu kwa kawaida ni ya mbao mbili zilizogundishwa. Nyuma kuna mepo, mti mgumu mweupe wa Amerika ya Kaskazini, na mbele, penye vidole, mara nyingi kuna rozwudi, ambayo ni ya ukoo mmoja na mpingo wetu. (Ukoo huo wote uliwekewa vikwazo vya biashara ya kimataifa mnamo Januari 2017, na aliyevuka mpaka na gitaa kwa ajili ya kuliuza alihitaji vibali, hadi ala zilizokamilika zilipoondolewa katika masharti hayo mwezi wa Novemba 2019.) Mbao hizo mbili hazivimbi kwa kipimo kimoja. Moja ikivimba zaidi ya mwenzake, shingo hujikunja. Ongeza hapo nyuzi nne ambazo kwa pamoja huivuta shingo kwa nguvu ya kilo 70 hadi 80, usiku na mchana, na haishangazi kwamba gitaa lililosahaulika kwa miaka miwili nyuma ya mlango wa kanisa hutoka likiwa na umbo la upinde.

Namna ya kulikagua si ngumu. Mnunuzi ahakikishe kwanza kwamba nyuzi zimekazwa hadi sauti yake ya kawaida, kwa maana gitaa lililolegezwa nyuzi huficha maradhi. Kisha abonyeze uzi mnene kwenye freti ya kwanza kwa mkono mmoja, na kwenye freti iliyo pale shingo inapokutana na kiwiliwili kwa mkono mwingine. Uzi ulionyooka ni rula tosha. Atazame nafasi iliyobaki kati ya uzi na freti ya saba au ya nane. Pakiwa na nafasi ndogo inayotosha kadi ya biashara kupita, yaani theluthi moja hadi nusu ya milimita, shingo iko sawa. Ikiwa sarafu inapita bila kugusa, shingo imepinda kuelekea mbele. Ikiwa hakuna nafasi hata kidogo na uzi unagongagonga, huenda imepinda kuelekea nyuma.

Kupinda huko pekee si sababu ya kuliacha gitaa. Ndani ya shingo kuna chuma kirefu chenye nati, na nati hiyo ikizungushwa hurekebisha mkunjo. Fundi mwenye busara huizungusha robo mzunguko tu, akangoja, akapima tena. Ila magitaa yaliyoiga miundo ya miaka ya 1950 na 1960 kwa uaminifu yana kasoro yao hapa: nati iko upande wa kiwiliwili, na ili kuifikia ni lazima shingo ifunguliwe. Kwa sababu ya usumbufu huo wamiliki wengi hawaigusi kamwe, na wachache wenye haraka huilazimisha kwa bisibisi isiyo saizi hadi kichwa chake kikalika. Muuzaji aulizwe waziwazi kama chuma hicho bado kinazunguka. Akikataa nati isijaribiwe, bei ihesabiwe kana kwamba kimekufa.

Ugonjwa usio na dawa ya bei nafuu ni shingo iliyosokoteka, yaani upande wa uzi mnene umepinda kwa namna moja na upande wa uzi mwembamba kwa namna nyingine. Huonekana mtu akilishika gitaa kama bunduki na kutazama kutoka upande wa kiwiliwili kuelekea kichwani: freti za mwanzo na za mwisho hazilali sambamba. Chuma cha ndani hakiwezi kulitibu hilo. Gitaa la namna hiyo liachwe, hata liwe zuri kiasi gani machoni.

Nyufa nazo husomwa kwa makini. Mistari myembamba kwenye rangi, inayofanana na utando wa buibui, aghalabu ni rangi tu iliyopasuka kwa baridi na joto, na hupatikana sana kwenye vanishi ya kale ya nitro kuliko kwenye rangi ngumu ya poliesta iliyoenea mwishoni mwa miaka ya 1960. Ufa unaofuata nyuzinyuzi za mbao, hasa kichwani kati ya funguo za kukazia au pale shingo inapoingia kiwiliwilini, ni jambo jingine kabisa. Ukucha ukikwama ndani yake, mbao imepasuka.

Freti huchakaa. Nyuzi zenye msokoto wa mviringo, zilizopata umaarufu baada ya kampuni ya Uingereza ya Rotosound kuzitengeneza kwa ajili ya John Entwistle wa The Who mwaka wa 1966, zina mlio mkali unaopendwa na wapigaji wa benga lakini huzikereza freti kama tupa. Alama ndogo chini ya kila uzi si neno. Mfereji wenye kina unaofanya uzi uvume kama nyuki unahitaji fundi wa kusawazisha au kung'oa freti, na gharama hiyo itolewe kwenye bei.

Nyuzi kuukuu, kwa upande mwingine, si hoja. James Jamerson, aliyepiga besi katika rekodi nyingi za Motown mjini Detroit, alijulikana kwa kutopenda kubadilisha nyuzi zake bapa, na sauti yake ingali inaigwa hadi leo kwenye gitaa la Precision la aina ile ile. Kinachopaswa kutazamwa ni kutu. Kwa hewa ya Kericho na jasho la mikono, skrubu ndogo za daraja, zile zinazoinua na kushusha nyuzi, hushikana hadi zikakataa kuzunguka. Kila moja ijaribiwe. Halafu mnunuzi alinganishe sauti mbili za uzi mmoja: ile inayotoka uzi ukiguswa tu juu ya freti ya 12 bila kukandamizwa, na ile inayotoka ukikandamizwa hapo hapo. Zikitofautiana, na skrubu za daraja zimeganda, gitaa hilo litapiga nje ya sauti na mpigaji atalaumiwa bure.

Upande wa umeme ni rahisi kuliko watu wanavyohofia. Vitufe vinavyokwaruza vikizungushwa kwa kawaida vina vumbi, na husafishwa kwa dawa ya kupulizia inayouzwa kwa mafundi wa redio. Tundu la kuchomekea waya likikatakata sauti, mara nyingi ni lehemu iliyoachia, kazi ya dakika kumi. Pikapu iliyokufa ni gharama halisi. Mwenye mita ya umeme anaweza kuipima bila kufungua chochote: achomeke waya, afungulie vitufe vyote, apime ncha ya waya dhidi ya mwili wa plagi. Pikapu ya Precision kwa kawaida husoma karibu kiloomu 10. Mita isiposoma kitu, ama waya mwembamba kuliko unywele uliozungushiwa sumaku umekatika, ama kuna lehemu iliyoachia njiani.

Kuna jaribio moja ambalo halihusu bei bali uhai. Gitaa likiwa limeunganishwa na amplifaya, vidole vikigusa nyuzi, muungurumo unapaswa kupungua. Hiyo ni dalili kwamba nyuzi zimeunganishwa na waya wa ardhini ndani ya gitaa, kama inavyotakikana. Muungurumo ukizidi, au mpigaji akihisi mwasho kwenye vidole, azime kila kitu. Kwa kuwa nyuzi zimeungwa na amplifaya, hitilafu ya amplifaya hufika mkononi mwake moja kwa moja. Mwaka wa 1972 mpiga gitaa Leslie Harvey wa bendi ya Stone the Crows alifariki jukwaani mjini Swansea, nchini Uingereza, alipogusa maikrofoni ambayo haikuwa imeunganishwa vyema na ardhi huku ameshika gitaa lake.

Hatari hiyo haiko mbali na sherehe za vijijini. Katika harusi au harambee ya Konoin au Bureti, umeme hutoka kwa jenereta iliyowekwa kwenye nyasi zilizolowa, waya wa tatu wa plagi umekatwa ili iingie kwenye soketi ya matundu mawili, na wingu la saa tisa liko tayari kumwagika. Amplifaya kuukuu ikaguliwe kwa ukali kuliko gitaa. Iliyoletwa kutoka Marekani huwa imeundwa kwa volti 120, na ikichomekwa kwenye volti 240 za Kenya bila transfoma huungua papo hapo. Iliyokatwa waya wa ardhini irudishiwe kwanza, ndipo ipigwe.

Baada ya hayo yote ndipo bei izungumzwe. Anayenunua ili apige hana sababu ya kulia kwamba funguo si za asili au kibao kimebadilishwa. Mambo hayo humuumiza mkusanyaji tu, na yanaweza kumsaidia mpigaji kupunguziwa. Mikwaruzo ya mkanda na rangi iliyobanduka penye kiwiko pia ni hoja nzuri za kushusha bei, maana haziathiri sauti hata kidogo.

Gitaa likishafika nyumbani, lisitundikwe jikoni wala karibu na jiko la sebuleni, wala lisiegemezwe kwenye ukuta wa mawe unaotoa maji msimu wa mvua. Mfuko wake mgumu ni bora kuliko msumari ukutani. Nyuzi zipanguswe kwa kitambaa kikavu kila baada ya kupigwa. Na fundi asikimbilie kukaza chuma cha shingo siku ile ile gitaa linapowasili kutoka Mombasa au Nairobi. Mbao zinahitaji wiki mbili hivi kuzoea hewa ya milimani, na marekebisho yaliyofanywa kabla ya hapo huhitaji kurudiwa. Baada ya hapo shingo ipimwe tena mara mbili kwa mwaka: mwishoni mwa Januari, mbao zikiwa zimekauka, na mwezi wa Mei, mvua ya masika ikiwa imezishibisha.